Kutoka Lugulu hadi Kibabii: Sala Isiyo na Mwenyewe

Februari 1948 umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa uliandamana hadi misheni ya Kikatoliki ya Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kuwataka wamisionari wafunge virago. Hawakufunga. Siku chache baadaye, tarehe 10, umati mwingine ulikusanyika Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Leo anayefika Kibabii kwa barabara ya Chwele hukuta chuo kikuu cha umma. Akifika usiku wa kesha, atakuta ukumbi mmoja wa mihadhara ukiwaka taa hadi majogoo, kinanda na makofi vikisikika mpaka kwenye mashamba ya mahindi. Wanaoimba humo hawakuletwa na padri wala mchungaji. Wamejileta.

Makanisa yetu yamezoea kusimulia historia yao kama orodha ya wamisionari na tarehe walizofika. Vyuo navyo husimulia yao kwa hati za serikali na majina ya wakuu wake. Kati ya masimulizi hayo mawili wamesahaulika wanafunzi waliokutana kusali bila kutumwa na mtu. Kwangu mimi hao ndio wenye kisa chenyewe, maana katika nchi hii iliyo chini ya Mlima Elgon, ya Kabuchai, Kimilili, Chwele na Webuye, aliyejenga shule hakuwahi hata siku moja kuimiliki sala ya waliosoma ndani yake.

Shule zenyewe zilitoka kanisani. Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipiga kambi Kaimosi, kusini mwa nchi ya Waluhya. Marafiki ni wale ambao wengine huwaita Waquaker. Walianzisha misheni waliyoiita ya viwanda, kwa kuwa waliamini Mwafrika atajifunza Injili pamoja na useremala, ufyatuaji matofali na upasuaji mbao. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walikaa Mumias, kwenye makao ya Nabongo Mumia, ambako Uislamu ulikuwa umetangulia kuingia pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani. Kabla muongo wa pili wa karne haujaisha, Marafiki walikuwa wamepanda kaskazini kwa Babukusu na kufungua kituo Lugulu, chini ya Jefferson Ford.

Kutoka Lugulu zikazaliwa shule za vijijini. Tusidhani zilikuwa shule kwa maana yetu ya leo. Lilikuwa banda moja la udongo lililoezekwa nyasi, lenye magogo ya kukalia. Jumatatu hadi Ijumaa lilikuwa darasa, Jumapili likawa kanisa, na mtu aliyeshika chaki ndiye aliyeshika Biblia. Mwalimu huyo mara nyingi alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu, akarudishwa kijijini kwao kufundisha alichokijua. Mzungu alipita mara chache kukagua. Siku nyingine zote kijana alikuwa peke yake na kundi lake: yeye ndiye aliyechagua wimbo, yeye ndiye aliyefasiri neno. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ibada ya wasomi wa huku iliendeshwa na watu wa makamo ya wanafunzi wenyewe. Wamisionari waliita jambo hilo uhaba wa wafanyakazi. Matokeo yake yakawa makubwa kuliko walivyokusudia.

Kijana huyo pia hakuhubiri kwenye uwanja mtupu. Babukusu walimjua Wele, Muumba, na waliwakumbuka wahenga wao katika kibanda kidogo cha ibada kilichoitwa namwima, kilichojengwa ndani ya boma. Aliyesali namwima alikuwa mzee wa nyumba. Sasa mjukuu wake ndiye anayesimama mbele ya watu na kuomba kwa sauti, naye hajaota ndevu. Mtu asiyeona jinsi jambo hilo lilivyopindua mambo nyumbani hataelewa kwa nini wazee wengi walizichukia shule hata pale walipozitaka. Kulikuwa na kero nyingine ndogo iliyodumu: Agano Jipya lilitafsiriwa na Emory Rees kwa Kilogooli, lugha ya kusini, na Babukusu wakalazimika kumsikia Mungu kwa lahaja ya jirani. Ukitaka kujua ugomvi wa baadaye kati ya Kaimosi na Elgon ulianzia wapi, anzia hapo.

Mtikisiko wa kwanza ulitokea Kaimosi kwenyewe, mwaka 1927. Chilson, mmoja wa wale watatu wa kwanza, alihubiri juu ya Roho Mtakatifu, na watu wakayachukua mahubiri yake kwa uzito kuliko wenzake walivyopenda. Walitubu hadharani, wakalia, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Baadaye Chilson aliondoka Kaimosi. Wamisionari waliobaki, pamoja na wazee wa kanisa, wakaona huo ni wazimu, wakapiga marufuku na kuwafukuza waliokataa kunyamaza. Waliofukuzwa hawakurudi kwenye namwima. Walivaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu na kuanzisha ushirika wao, ambao hadi leo unaitwa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu. Mmisionari alifungua mlango, kisha akashtuka kuona watu wameingia.

Elijah Masinde ni mtoto wa malezi hayohayo. Alizaliwa Maeni, karibu na Kimilili, akalelewa katika Kanisa la Marafiki, na kabla ya kuwa nabii alikuwa mchezaji wa kandanda. Aliongoza timu ya Kimilili kama nahodha, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kanisa lilimtoa alipooa mke wa pili. Katika miaka ya vita kuu ya pili alikwisha kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowataka watu warudi kwa Wele na wahenga, wakatae kazi ya shuruti, na Wazungu waende zao. Serikali ilimfunga, kisha mwaka 1945 ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alitoka 1947, na mwaka huohuo akawapandisha maelfu ya watu kwenye kilima cha Chetambe, juu ya Webuye, kuwakumbuka Babukusu waliouawa huko na majeshi ya Waingereza mwaka 1895.

Itazame hija hiyo kwa makini. Nyimbo, maombi ya pamoja, mahubiri ya hadharani, kiongozi anayesoma alama za nyakati: umbo lake ni la mkutano wa injili, na Masinde alilijua umbo hilo tangu ujana wake kanisani. Kilichobadilika ni anayeombwa na kinachoombwa. Serikali ya kikoloni haikuona ibada. Iliona uasi, na haikukosea kabisa. Baada ya Malakisi dini hiyo ilipigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu, mbali na mlima wake. Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Serikali ya Uhuru nayo ikaipiga marufuku Msambwa mwaka 1968 na kumfunga tena mwenyewe, hadi Rais Moi alipomwachia 1978. Alikufa 1987. Kenya huru ilimwogopa mtu aliyekusanya watu kuomba kama mkoloni alivyomwogopa, na sioni sababu ya kulifunika jambo hilo kwa maneno laini.

Wengine walichagua njia nyingine. Pascal Nabwana, Mkatoliki wa Kimilili na mwanasiasa hodari wa Babukusu, alianzisha mwaka 1936 chama cha elimu, Kitosh Education Society, kudai shule ambazo hazitashikwa na misheni. Upande wa pili yupo Maurice Otunga, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja. Otunga alipita shule ya Kibabii akiwa mdogo, akabatizwa 1935, na baba yake alipotaka amrithi uchifu akakataa na kwenda seminari. Alipewa upadri Roma mwaka 1950, na 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Misheni ileile iliyofuatwa na waandamanaji mwaka 1948 ndiyo iliyomtoa yeye. Huwa nawauliza wanaosema misheni iliwalea watu kwa mfano mmoja: mfano upi, wa Masinde, wa Nabwana au wa Otunga?

Mwaka 1956 serikali iliigawa wilaya ya Nyanza Kaskazini na kuunda Elgon Nyanza, makao yake yakiwa Bungoma. Madai ya Babukusu ya kupata wilaya yao hatimaye yalikuwa yamesikika. Mwaka uliofuata Marafiki walifungua shule ya sekondari Kamusinga, karibu na Kimilili, na mkuu wake wa kwanza akawa Mwingereza, Allan Bradley. Hapa pana kitu kitamu kwa anayependa kuona dini zinavyosafiri. Marafiki wa Uingereza huabudu kwa kukaa kimya: hakuna mhubiri wala kwaya, watu huketi hadi mmoja asukumwe moyoni kusema. Marafiki wa huku walirithi ibada ya Wamarekani wa Magharibi ya Kati, yenye mahubiri na nyimbo, wakaichangamsha zaidi kwa ngoma zao. Ukiwakutanisha Rafiki wa Birmingham na Rafiki wa Chwele ndani ya chumba kimoja Jumapili asubuhi, hawatatambuana. Ila hakuna nchi nyingine duniani yenye Marafiki wengi kama Kenya, kwa hiyo kama ni kwa hesabu ya vichwa, mgeni ni yule anayenyamaza.

Umoja wa Kanisa la Marafiki wenyewe haukudumu. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, chombo chao kikuu kilichoundwa 1946, ulipasuka 1973, watu wa Elgon wakajitenga na Kaimosi, na baada ya hapo mipasuko ikafuatana. Chwele nayo leo ina Mkutano wake wa Mwaka. Sitaingia katika visa vya mali na vyeo vilivyosababisha hayo, maana wanafunzi hawakuwa na sehemu kubwa ndani yake. Kilichowagusa ni Sheria ya Elimu ya 1968. Kwa sheria hiyo serikali ilichukua uendeshaji wa shule, na kanisa likabaki mfadhili: lina jina langoni, lina kiti katika bodi, lina haki ya kulinda mila yake ya dini, lakini mwalimu ni mwajiriwa wa serikali na huenda hata si wa dhehebu hilo.

Pengo hilo lilijazwa na vijana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa kimeundwa chama cha kuunganisha vikundi vya Wakristo katika sekondari, KSCF. Mwaka 1973 vyama vya vyuo vikuu na vyuo vya ualimu vikaungana chini ya FOCUS. Nyuma ya vyote viwili ilisikika sauti ya uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937: watu wa kawaida wakiungama mbele ya wenzao na kuitana ndugu, askofu na mpishi sawasawa. Katika shule za bweni uamsho huo ulipata udongo mzuri. Kijana yuko mbali na nyumbani, ana njaa, anaogopa mtihani, na kuna chumba ambacho saa moja kabla ya masomo ya jioni mtu anamwita ndugu kwa jina lake.

Kundi la CU (Christian Union), kama kila Mkenya aliyepita sekondari anavyoliita, lina mfumo ambao haujabadilika sana. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kiongozi wa maombi, wote wanafunzi, wanaochaguliwa kwa kura au kwa kuombewa, na kwa kawaida ni kwa vyote viwili. Kuna mwalimu mlezi, ambaye mara nyingi huonekana siku ya kutia sahihi barua ya ruhusa ya basi. Wakatoliki wana YCS yao, Waadventista hukutana Jumamosi, Waislamu hutafuta chumba cha swala ya Ijumaa, na katika shule nyingi za Bungoma wanakipata baada ya kuandika barua nyingi kuliko wengine. Mlokole wa kidato cha pili hupanga mwaliko wa shule jirani, hukusanya sufuria, huhesabu mikate, huhubiri, hufagia. Najua watu wazima wanaosimamia mashirika makubwa ambao walijifunza kutunza hesabu za fedha hapo, wala si katika somo la biashara.

Vyuo vikuu vilipokea mtindo huo na kuukuza. Katika miaka ya 1980 serikali ilipovunja vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU kikifutwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na kufutwa tena 1987, CU ilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mamia ya vijana waliweza kukutana, kuchagua viongozi na kuwaondoa bila kuitwa na polisi. Wapo waliowalaumu ndugu hao kwa kukaa kimya wakati wenzao wanakamatwa, na lawama hiyo ina haki yake. Walijua kuendesha uchaguzi safi, na wengi wao hawakuuliza kwa nini nchi yao haiwezi.

Chuo kikuu kiliukaribia mlima kwa hatua. Chuo cha Kakamega kilipewa hadhi kamili na jina la Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki 1992 na ambaye wasiojua humchanganya na Elijah. Chini yake, mwaka 2011, kikaanzishwa chuo kishiriki cha Kibabii, na Novemba 2015 Kibabii ikapata hati yake.

Mwaka huohuo wa 2015 ulianza vibaya kwa kila mwanafunzi wa Kenya. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili washambuliaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, na miongoni mwa walioangukia mikononi mwao mwanzo kabisa ni wanachama wa CU waliokuwa wameamka mapema kusali katika ukumbi wa mihadhara. Watu 148 waliuawa siku hiyo, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Majeneza yalirudi karibu kila pembe ya nchi. Maombi ya alfajiri hayakusimama vyuoni, ila tangu hapo milango ikapata walinzi.

Kibabii ya leo huanza na sanduku. Wiki ya kupokea wanafunzi wapya, wanachama wa CU husimama langoni wakiwa na fulana za rangi moja, huwapokea wageni mizigo na kuwapeleka ofisi ya ada, kisha hosteli. Mzazi aliyetoka Kabuchai na bodaboda tatu, godoro limefungwa nyuma ya moja, hushukuru bila kuuliza hao ni akina nani. Baada ya siku chache mtoto wake anaalikwa ibada. Humo atakuta kwaya iliyopangwa sauti nne, mtu wa spika anayegombana na waya, mchango wa shilingi 20 au 50 unaopita ndani ya kikapu au kutumwa kwa simu, na mhubiri wa mwaka wa tatu anayeanza kwa Kiingereza, akapasha moto kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kibukusu pale utani unapohitajika. Usiku wa kesha kuna chai ya rangi saa tisa. Likizoni, timu za uinjilisti za kanda huja huku magharibi, hulala kwenye madarasa ya shule za msingi, na huhubiri sokoni, Chwele ikiwemo, katikati ya malori ya nyanya na mikungu ya ndizi. Mama muuza vitunguu huwasikiliza bila kuacha kupima.

Si kila kitu ni cha kusifiwa. Kesha likipita kipimo, Jumatatu madarasa husinzia. Wahubiri wa nje wenye ahadi za gari na viza huzunguka vyuo, na wanafunzi waliokopa ada ndio wanaotoa sadaka kubwa zaidi. Mwaka wa tohara, Agosti ya mwaka wa shufwa, kijana wa Kibukusu aliyeokoka hujikuta kati ya ndugu wanaomwambia asicheze ngoma ya mjomba na wajomba wanaomwambia asipokuja asirudi, na CU haijawahi kutoa jibu moja juu ya hilo. Nadhani ni vyema haijatoa. Babu zao walijibiwa kutoka Kaimosi, na majibu hayo ndiyo yaliyozaa kufukuzana.

Tatizo kubwa zaidi ni la kumbukumbu. Barua za wamisionari wa Kaimosi na Lugulu zimetunzwa Marekani, huko Indiana. Ripoti za maofisa wa kikoloni juu ya Msambwa zipo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, zimepangwa kwa namba. Uongozi wa CU hubadilika kila mwaka, na daftari la mikutano huondoka katika begi la katibu aliyehitimu, likaishia juu ya kabati la mama yake, likaliwa na mchwa. Miaka hamsini ya uchaguzi, ugomvi, safari na hesabu za mikate inapotea hivyo, na anayekuja kuandika hubaki na maneno ya wakuu peke yao. Kama uliwahi kuwa katibu au mweka hazina wa CU, wa YCS au wa chama cha Waislamu huko Kamusinga, Lugulu, Chwele, Kibabii au chuo chochote cha ufundi kaunti hii, litafute daftari lako. Liandike jina na mwaka juu ya jalada, ulipeleke kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Kibabii, na usikubali kuondoka bila stakabadhi.